Neno 'interest' lina sura nyingi, na moja inakula mfuko wako

UJUMBE unaingia kwenye simu saa tano usiku, tarehe 24, wakati mfuko umekauka na tokeni za stima zimebaki chache: mkopo wa hadi Sh10,000, pesa ndani ya dakika tano, 'interest 0%'. Asubuhi unafungua barua pepe kutoka kampuni uliyoiomba kazi, nayo inaanza kwa kukushukuru kwa 'interest' yako. Jioni kwenye runinga mheshimiwa fulani analaumiwa kwa 'conflict of interest', naye anajitetea kwamba yote aliyafanya kwa 'public interest'. Na rafiki yako, ukimuuliza habari za yule dada wa ploti ya pili, anakujibu kwa mkato: "Zii, sina interest."

Ni siku moja na neno moja, lakini kila mahali limebeba mzigo tofauti. Wengi wetu tulilisoma darasani kama neno jepesi, tukalipita. Shida ni kwamba neno hili limejaa kwenye karatasi ambazo kijana wa Kenya anatakiwa kuzitia sahihi: fomu za mikopo, mikataba ya kazi, zabuni, hata zile kurasa ndefu za programu za simu ambazo sote tunabonyeza 'nakubali' bila kusoma. Ukilielewa vibaya kwenye insha utapoteza alama moja. Ukilielewa vibaya kwenye fomu ya mkopo, hilo ni jambo lingine.

Kiswahili kimetugawia kazi hii vizuri kuliko Kiingereza. Ukimkopesha mtu akarudisha zaidi, hiyo ni riba. Ukivutiwa na jambo au mtu, hiyo ni hamu au shauku. Kitu kinachokufaa wewe, au kundi lako, au umma, hayo ni maslahi. Ukiwa na sehemu yako katika kampuni au shamba, hiyo ni hisa au haki. Mswahili hawezi kuzichanganya hata akiwa usingizini. Mwingereza amezitia zote ndani ya gunia moja, kisha anakuachia wewe ujue ametoa ipi.

Kwa bahati nzuri gunia lenyewe lina alama nje, kama utaangalia maneno madogo yanayolizunguka. 'Interest on' karibu kila mara ni riba: riba juu ya mkopo, riba juu ya akiba. 'Interest in' ni hamu, kwa mfano hamu ya kandanda au ya kompyuta. Lakini likifuatwa na ardhi, nyumba au kampuni, hapo ni haki ya kumiliki. 'In the interest of' ni maslahi, yaani kwa ajili ya, kwa faida ya. Na ukiona 'interests' lina 's' mwishoni, usidhani ni riba nyingi. Riba haihesabiwi hivyo kwa Kiingereza. Hayo ni maslahi, au ni mambo unayoyapenda.

Lakini ilikuwaje riba na hamu zikalala kitanda kimoja?

Neno lenyewe limetoka Kilatini, 'interesse', likiwa limeundwa kwa vipande viwili: 'inter' ni kati, na 'esse' ni kuwa. Kuwa kati. Kitu kikiwa kati ya mimi na wewe, kinatuhusu; kikituhusu, tunakifuatilia; tukikifuatilia, tuna cha kupata au cha kupoteza. Ukiifuata njia hiyo utaona hamu, maslahi na hisa zote ni ndugu wa tumbo moja.

Riba ndiyo iliyoingia kwa mlango wa nyuma. Ulaya ya zama za kati, Kanisa lilikataza kukopesha pesa ili upate zaidi. Lilikuwa dhambi, na lilikuwa na jina lake, 'usura'. Ila mawakili walikuwa na kichaka cha kujifichia. Sheria ya Kirumi ilimruhusu mtu adai fidia kwa hasara aliyoipata pale mwenzake alipochelewa kutimiza ahadi, na fidia hiyo ndiyo tofauti iliyokuwa 'kati' ya alivyo sasa na ambavyo angekuwa. Basi mkopeshaji akasema: mimi sitozi 'usura', haki ya Mungu, mimi nadai tu 'interesse' kwa sababu umenichelewesha. Pesa zilikuwa zile zile, jina ndilo lililobadilika. Kadiri miaka ilivyosonga, jina hilo safi ndilo lililobaki kwa kila shilingi inayolipwa juu ya deni, uchelewe usichelewe.

Shakespeare aliuona mchezo huo. Katika tamthilia ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, mkopeshaji Shylock ana kinyongo na mfanyabiashara Antonio, ambaye humdharau mbele ya watu na kuita faida yake 'interest'. Kwake yeye ni mapato halali ya mtu anayejua kutunza mali. Halafu Shylock huyo huyo anakuja na mkopo wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, bila riba hata senti. Sifuri. Ila kuna sharti dogo la ratili moja ya nyama ya mwili, kama deni halitalipwa kwa tarehe.

Sasa rudi kwenye ule ujumbe wa saa tano usiku.

'Interest 0%' inaweza kuwa kweli kabisa na bado ukalia. Tuseme umeomba Sh5,000. Kwenye simu zinaingia Sh4,400, kwa sababu Sh600 zimekatwa kama ada ya kushughulikia mkopo. Baada ya siku 30 unarudisha Sh5,000. Riba sifuri, ndiyo. Lakini umetumia Sh4,400 na umezilipia Sh600, ambazo ni zaidi ya asilimia 13 kwa mwezi mmoja. Ukifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umetoa Sh7,200 kwa sababu ya kutumia Sh4,400 zile zile.

Hapa historia imegeuka kichwa chini miguu juu. Wakopeshaji wa zamani walikimbia neno 'usura' wakajificha chini ya 'interest'. Siku hizi 'interest' ndilo neno lenye harufu mbaya, kwa hivyo wanalikimbia wajifiche chini ya 'ada'. Tuliliona jambo hili mwaka 2016 Bunge lilipoweka kikomo cha riba za benki, sheria iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo na kuondolewa Novemba 2019. Benki zilifungwa kwenye pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Lakini mikopo ya simu ikabaki nje, hoja ikiwa kwamba inachotoza ni ada ya huduma wala si riba. M-Shwari, kwa mfano, ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukiirudia mara 12 kwa mwaka ni asilimia 90. Kuiita ada hakupunguzi hata ndururu.

Mimi simwambii mtu asikope. Kuna siku mgonjwa yuko nyumbani na hakuna njia nyingine, na msee wa bodaboda ambaye gurudumu limepasuka hawezi kungoja mwisho wa mwezi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini hata wao walikopa. Ninachosema ni kwamba swali la 'interest ni ngapi?' halitoshi. Uliza hivi: nikichukua hizi, zitaingia ngapi mkononi, na nitarudisha jumla ngapi, lini? Ukipata nambari hizo mbili na tarehe, majina yote mengine, riba, ada, bima, gharama ya kuhudumia akaunti, hayana kazi tena.

Na hata pale neno lenyewe limeandikwa wazi, bado lina ujanja wake. Angalia kama ni kwa siku, kwa mwezi au kwa mwaka. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 30, 2022 ilitangaza asilimia 8 kwa mwaka. Sh1,000 kwa siku 14 ni riba ya takriban shilingi tatu. Programu nyingine ikikuandikia asilimia 8 bila kusema ni ya muda gani, na kumbe ni ya wiki mbili, Sh1,000 zile zile zinazaa Sh80. Nambari ni ile ile, shilingi tatu na shilingi themanini.

Ipo pia tofauti ambayo maafisa wa mikopo huitaja haraka haraka kana kwamba ulizaliwa ukiijua: 'flat' na 'reducing balance'. Chukua Sh12,000 za kulipwa kwa miezi 12, riba asilimia 12 kwa mwaka. Kwa njia ya 'flat', wanapiga asilimia 12 ya pesa zote ulizochukua, kana kwamba Sh12,000 zinakaa kwako mwaka mzima. Riba ni Sh1,440. Kwa njia ya salio linalopungua, kila mwezi unalipa Sh1,000 za deni, na riba inahesabiwa kwa kilichobaki tu. Mwezi wa kwanza ni asilimia 1 ya Sh12,000, wa pili asilimia 1 ya Sh11,000, hivyo hivyo hadi mwisho. Jumla ni Sh780. Maneno ya tangazo yanaweza kuwa sawa, 'asilimia 12 kwa mwaka', na tofauti ikawa karibu nusu kwa nusu. Chama chenu kikitaka kuchukua mkopo wa pikipiki, hili ndilo swali la kwanza.

Kwa wale wa chuo kikuu, mkopo wa HELB wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, ambayo kwa soko letu ni ya chini sana. Lakini wengi hawaumizwi na riba, wanaumizwa na faini. Ukianza kukwepa, unatozwa Sh5,000 kila mwezi. Piga hesabu: deni la Sh200,000 kwa asilimia 4 linazaa Sh8,000 kwa mwaka. Faini kwa mwaka huo huo ni Sh60,000. Anayesema "nitalipa nikipata kazi nzuri" huku simu ameizima anakimbia kitu kidogo akaangukia kikubwa. Heri uwaandikie mapema uwaeleze hali yako.

Kuna ulinzi pia, ingawa hautangazwi kwa mabango. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo wa benki ukishaharibika, riba haiwezi kuendelea kuota kama magugu. Haiwezi kuzidi deni lililokuwa limebaki siku mkopo ulipoharibika. Kama lilikuwa Sh50,000, riba inakomea Sh50,000 nyingine. Na tangu Machi 2022 kuna kanuni za Benki Kuu kwa wakopeshaji wa kidijitali: wanatakiwa kuwa na leseni, kukueleza gharama zote kabla hujakubali, na hawaruhusiwi kukutisha au kuwapigia simu watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Orodha ya walio na leseni hutolewa na Benki Kuu yenyewe. Itazame kabla ya kupakua chochote, haichukui dakika tano.

Vijana wengi Waislamu wana njia nyingine ya kulitazama jambo hili. Neno letu riba limetoka Kiarabu, ambako maana yake ni ongezeko, na katika dini yao ni haramu. Tangu mwaka 2008 Kenya imekuwa na benki zinazofuata Sharia. Badala ya kukukopesha pesa za kununua gari, benki inalinunua gari hilo, kisha inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, unalipa pole pole. Wapo wanaosema ni riba iliyovaa kanzu. Wengine wanajibu kwamba tofauti ni kubwa, maana bei haiongezeki ukichelewa na benki yenyewe imebeba hatari ya bidhaa. Mjadala huo siuingilii, ila wote wanakubaliana juu ya jambo moja: mteja anaijua jumla kabla ya kutia sahihi.

Tutoke kwenye pesa, ingawa si mbali sana.

'Conflict of interest' ukiitafsiri kwa pupa utapata 'mgongano wa riba', kana kwamba benki mbili zimekunjana mashati. Ni mgongano wa maslahi. Mwenyekiti wa wanafunzi anayetoa kandarasi ya fulana kwa duka la dada yake yumo ndani yake, hata kama bei ni nzuri na fulana ni safi. Kosa halianzi pale anapoiba. Linaanza pale anapokaa upande mbili za meza na kunyamaza. Kenya sasa ina sheria nzima yenye jina hilo, iliyotiwa saini na Rais Julai 2025, na inamgusa mtumishi wa umma yeyote, si mawaziri tu. Ukiajiriwa kaunti kesho, utatakiwa kusema wazi kama una uhusiano na kampuni inayoomba zabuni mezani pako.

Katiba nayo inalitumia neno hili kwa upole zaidi. Kifungu cha 53 kinaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu, ndiyo maana wazazi wakigombea mtoto kortini, hakimu haulizi nani ana uchungu zaidi, anauliza mtoto atafaidika wapi. Kifungu cha 97 kinatenga viti 12 vya uteuzi katika Bunge la Kitaifa kwa ajili ya 'special interests', na vijana wametajwa humo kwa jina, pamoja na watu wenye ulemavu na wafanyakazi. Kwa hivyo wewe msomaji, kama una umri wa miaka 22, katika lugha ya Katiba wewe ni 'interest'. Ni halali yako kuuliza aliyeteuliwa kwa jina lako amelifanyia nini.

Ukiona kwenye gazeti tangazo la 'expression of interest', usikimbilie kuandika bei. Hiyo bado si zabuni. Wanataka kujua nani yuko tayari na ana uwezo. Watachuja, kisha waliobaki ndio watakaoombwa bei. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na inasikitisha kuona kikundi kikitolewa mapema kwa sababu kilijibu swali ambalo hakikuulizwa.

Kuhusu ardhi, kifupi tu: anayekuuzia 'interest' yake katika shamba hakuuzii shamba. Anakuuzia haki aliyo nayo, na pengine haki hiyo ni ya kupanga, au ni sehemu ya urithi ambao haujagawanywa. Tafuta rekodi kwenye ofisi ya ardhi kwanza, kelele za dalali baadaye.

Na zile kurasa za programu za simu? Humo utakutana na 'legitimate interest'. Ni maslahi halali, mojawapo ya sababu ambazo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziruhusu kampuni kutumia taarifa zako bila kukuomba idhini. Ina mipaka, na Ofisi ya Kamishna wa Data imewahi kuzitoza faini baadhi ya kampuni za mikopo kwa kuivuka.

Kwenye CV, sehemu ya 'interests' ni pale watu huandika kusoma, kusafiri na kusikiliza muziki. Mwajiri amesoma mistari hiyo mara elfu. Kama unafundisha watoto chesi kila Jumamosi, au unafuga sungura na kuuza, andika hivyo hasa. Hapo ndipo mahojiano hupata cha kuzungumza. Na kwenye barua yenyewe chunga usiandike 'I am interesting in this job'. Unakusudia kusema unaitaka kazi, kumbe umejaribu kujisifu kwamba unavutia, na umekosea hata hiyo.

Limebaki moja ambalo huwatatiza hata wanaoandika magazeti: 'uninterested' na 'disinterested'. La kwanza ni mtu asiye na hamu. La pili, kwa maana yake inayotetewa na walimu wakali, ni mtu asiye na maslahi upande wowote, na hiyo ni sifa. Siku Gor Mahia na AFC Leopards wanapokutana, mashabiki wa pande zote wanamtaka refa aliye 'disinterested'. Refa aliye 'uninterested' ni yule ambaye mpira umevuka mstari naye anatazama wingu.